Ndege wa mpunga wa Luvungi wanaenda wapi mwezi wa tano?

Mwana wa Ruzizi, Bukavu
Jambo wakubwa. Nilikulia Luvungi, bonde la Ruzizi hapa Kongo, kwenye mpunga wa mama, na kila likizo nateremka huko. Kuna ndege wa kahawia, mgongo kama magamba ya samaki, kichwa kidogo, miguu ya rangi ya machungwa. Wanatembea kwenye matope nyuma ya watu wanaopanda miche. Mwezi wa tano ukifika, hakuna hata mmoja. Mwalimu wangu anasema ni combattant, Kifaransa cha mpiganaji. Mbona sijawahi kuwaona wakipigana? Na wanataga wapi?

Mtoto wa Kadutu, Norwei
Mdogo wangu, mimi ni wa Kadutu, sasa nakata samaki huku Vadsø, rasi ya Varanger. Toka katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai jua halizami. Mwanzoni mwa Juni nikitoka kazini saa sita ya usiku, napanda kwenye tundra. Miti hakuna, ni vichaka vya kufika magotini, mabaka ya theluji, na maji yametuama kila mahali.

Hujaona vita kwa sababu dume huota kola ya manyoya wakati wa kuzaa tu, halafu inapukutika. Tena wanaosafiri mpaka kwetu Kongo wengi ni majike. Huku madume wana uwanja wao, kilima kidogo ambacho nyasi zake zimekanyagwa zikalala. Juzi nilihesabu tisa. Mmoja kola nyeupe kama pamba, mwingine nyeusi ya kung'aa, wengine rangi ya matofali. Karibu hawatoi sauti! Wanaruka, wanakimbizana, ghafla wote wanasujudu, mdomo chini, kola imetanuka, wanaganda. Jike anapita katikati, anachagua, anaenda kutaga mayai manne kwenye nyasi. Kuatamia na kulea ni kwake peke yake.

Viota viko chini, kwa hiyo mimi nakaa njiani na darubini. Ndege akikimbia mbele yako kama panya, au akiburuta bawa, ujue vifaranga viko karibu: rudi ulikotoka. Mbwa nao, sheria inataka wafungwe kamba toka 1 Aprili mpaka 20 Agosti.

Mama Himbi, Goma
Asante baba. Niongeze kidogo: waliovishwa pete kule Kenya wamepatikana Siberia, mbali sana mashariki ya Norwei. Hawa wa Luvungi, mimi naona ni wa huko.

Mwana wa Ruzizi
Siberia! Na watoto wao wanakula nini kwenye baridi hiyo?

Mtoto wa Kadutu
Wadudu. Mbu wa huku wanakushinda wale wa Uvira. Kifaranga hakingoji kulishwa, kinatoka kiotani mapema na kujitafutia chenyewe.

Mwana wa Ruzizi
Asante sana yaya. Wadogo zangu huwategea mitego ya kamba kwenye matuta ya mpunga. Nimewapigia simu sasa hivi waing'oe yote kabla ndege hawajarudi mwezi wa nane.