Nintendo DS na Wii: ile huduma ya kucheza onlaini ilikufaje, na bado kuna namna ya kuingia?

Kobe_Mwekundu
Wakuu habari zenu. Nimepata Nintendo DS ya zamani (kile kifaa cha gemu cha mkononi), ile nene ya mwanzo kabisa, imekuja na kadi ya Mario Kart DS ndani. Gemu linawaka vizuri, peke yangu nacheza bila shida, ila nikigusa pale pameandikwa Nintendo WFC (Wi-Fi Connection, ile huduma yao ya kucheza onlaini) inahangaikaaa halafu inanitupa nje na namba ya erori. Nimeguguli naona wanasema huduma ilifungwa 2014. Sasa mimi kitu kimoja sielewi, gemu limo ndani ya kadi, kadi ni yangu, waifai ni yangu, inakuwaje mtu azime kitu huko aliko na mimi huku nishindwe kucheza? Na je, kuna namna ya kuifufua au ndio basi tena?

MzeeWaKona
Karibu mkuu, umechelewa miaka kumi na ushee lakini hujapotea.

Hiyo huduma ilianza Novemba 2005 kule Marekani, na gemu la kufungua dimba lilikuwa hilohilo Mario Kart DS ulilonalo. Nintendo walikuwa wamechelewa maana Microsoft walishawasha Xbox Live, huduma ya onlaini ya konsoli yao ya Xbox, tangu Novemba 2002, ila Xbox Live ilikuwa ya kulipia na hii ilikuwa bure kabisa, hakuna ada wala kadi ya benki, unawasha unaingia. Na ni kifaa cha mkononi, umejilaza kitandani unashindana na mtu yuko Japani! Asiye na ruta walikuwa wanamuuzia kidude cha USB, unachomeka kwenye kompyuta ya Windows XP na kompyuta ndio inakuwa waifai ya DS yako.

Ila tusiipambe sana kwa sababu imekufa. Friend code jamani!! Kila gemu na namba yake ya tarakimu 12, sio kifaa, GEMU, ukiwa na magemu matano una namba tano. Unampa rafiki yako namba yako, anagonga tarakimu zote na kale kakalamu, na wewe unagonga zake, mmoja akikosea tarakimu moja au akisahau tu kuingiza basi hamtaonana milele, na huwezi kumwambia "we mbona hujaniingiza" kwa sababu kwenye gemu hakuna pa kuandikia meseji, lazima umtafute kwa simu. Nintendo walisema wanalinda watoto na hilo nawaelewa, lakini mtoto gani ana subira ya namna hiyo.

Mbio zenyewe onlaini ni watu wanne tu, viwanja 20 kati ya 32, na huwezi kuburuta ganda la ndizi nyuma ya gari kujikinga kama unavyofanya mkicheza mkiwa chumba kimoja. Halafu kulikuwa na wale wa kusneki, mtu anadrifti kushoto kulia kushoto kulia hata kwenye barabara iliyonyooka ili apate busti mfululizo, unamuona anayumba pale mbele dakika moja baadaye humuoni tena. Na siku ukijaliwa kumshinda mtu wa hivyo, anazima kifaa kabla hujafika mstari wa mwisho 😂

Tajiri_wa_Pointi
Tamaa tu hiyo, wanataka ununue kifaa kipya. Na vya bure ndivyo vilivyo, ingekuwa ya kulipia ingekuwepo mpaka leo.

BintiSeva
@Tajiri_wa_Pointi hapana ndugu yangu. Xbox Live watu walikuwa wanalipia na bado kwa magemu ya Xbox ya kwanza ikazimwa tarehe 15 Aprili 2010. Ukilipia hununui umilele.

@Kobe_Mwekundu swali lako la kwanza ndio zuri. Kwenye magemu mengi ya enzi zile mbio au mapigano hayapiti kwenye seva kabisa, vifaa vyenu vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Kazi ya seva ni udalali: inakutambua, inakutafutia wa kucheza naye, inasaidia ruta zenu mbili zifunguliane mlango, ikimaliza inakaa pembeni. Ndio maana Xbox Live ilipozimwa kuna wachezaji wa gemu la Halo 2 waligoma kuzima konsoli zao wakaendelea kucheza wiki kadhaa, walibaki wachache wakawa wanadondoka mmoja mmoja, wa mwisho katoka Mei. Walishakutanishwa, dalali hawakumhitaji tena. Ila ukizima ukawasha, umekwisha, hakuna wa kukutambulisha upya.

Sasa huyo dalali wa Nintendo hakuwa Nintendo mwenyewe. Walikuwa wanatumia teknolojia ya GameSpy, kampuni ya Marekani ambayo magemu kibao ya kompyuta nayo yalikuwa yanaitegemea, Battlefield 2 ikiwemo. 2012 teknolojia ya GameSpy ikanunuliwa na Glu, hawa wa magemu ya simu. Februari 2014 Nintendo wakatangaza kwamba Mei 20 wanafunga huduma ya DS na ya Wii (konsoli yao ya kuchomeka kwenye TV) kwa mpigo, na GameSpy yenyewe ikafungwa Mei 31 mwaka huohuo. Mimi naona tarehe zinajieleza. Kipindi hicho 3DS na Wii U, vifaa vyao vilivyofuata, zilishakuwa na mtandao wao mwingine, kwahiyo kujenga udalali upya kwa vifaa walivyoacha kuviuza nani angesaini hiyo bajeti. Tamaa sijui, mimi naona zaidi ni kwamba hawakujisumbua. (Na hao 3DS na Wii U nao zamu yao ilifika, Aprili 2024.)

Kobe_Mwekundu
Aisee nimekuelewa sana. Kwahiyo aliyekufa ni dalali tu, si mtu mwingine anaweza kuvaa hayo majukumu?

BintiSeva
Walishavaa. Inaitwa Wiimmfi, imetengenezwa na wachezaji wenyewe na ilianza Mei hiyohiyo ya 2014. Wii inahitaji gemu lirekebishwe kidogo lisiende kwa Nintendo liende kwao, ila DS ni rahisi zaidi maana ukaguzi wake wa vyeti vya usalama una tundu, kwahiyo kadi halali kabisa unaibadilishia DNS (seva inayokielekeza kifaa pa kwenda mtandaoni) kwenye seti za waifai na inaingia. Namba za DNS chukua kwenye tovuti yao wenyewe, usichukue za kwenye video.

Shida yako kubwa itakuwa waifai yenyewe. DS ile nene inajua WEP tu (ulinzi wa waifai wa zamani) au mtandao usio na nywila kabisa, WPA2 (ulinzi mpya zaidi) haiijui, na inatumia 802.11b, aina ya waifai ya zamani, kwenye masafa ya 2.4 GHz, kitu ambacho ruta nyingi mpya zimekizima. Tengeneza mtandao wa wageni usio na nywila, washa 2.4 na hiyo "b" kama ruta inaruhusu, cheza, ukimaliza ZIMA. Usiuache wazi usiku kucha na usishushe mtandao wako mkuu kuwa WEP kwa ajili ya gemu, WEP inavunjwa kwa dakika chache.

PakaWaSinnoh
Nyie mnalilia mbio, mimi kilichoniuma ni GTS, ile sehemu ya kubadilishana kwenye magemu ya Pokémon. Unaweka Pokémon wako pale, unaandika unamtaka nani, unazima unalala, asubuhi unakuta mtu usiyemjua wa nchi nyingine keshabadilishana na wewe na jina kaliandika kwa herufi za kwao. Na Pokémon ukishamweka anatoka kwenye kadi anakaa kwenye seva, kwahiyo aliyesahau kumtoa kabla ya Mei 20 ndio aliagana naye hivyo. Hii ya mashabiki inakuletea wachezaji, sawa, ila wale waliobaki kule hakuna wa kuwarudisha.

MzeeWaKona
Hapo kweli. Ila kwa mbio ukipata Wii usiache, Mario Kart Wii ni watu 12 kwenye mbio moja, ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 37, na mashabiki wametengeneza viwanja vyao mamia. Unaanza na pointi 5000, ukipigwa zinashuka, ukishinda zinapanda. Jiandae kushuka kwanza.

Kobe_Mwekundu
Nimefungua mtandao wa wageni, DNS nimebadilisha, sasa imefika mbele zaidi lakini inaniambia kitu kuhusu kufuta orodha ya marafiki. Nikubali?

BintiSeva
Kadi inakumbuka DS iliyoingia nayo onlaini mara ya kwanza, kwahiyo hiyo haikuzaliwa na DS uliyonayo. Ukikubali inafuta majina ya mwenye nayo wa kwanza na kukupa friend code mpya, rekodi zako za mbio haizigusi. Wale marafiki zake nao namba zao zilikufa 2014. Kama unataka kumbukumbu piga picha kioo kwanza, halafu kubali, halafu weka code yako hapa nikuingize. Na usisahau kuingiza yangu 😅