Unga wa ndiga kwenye uji wa mtoto, naombeni ushauri

MamaNuru: Habari zenu wakuu. Mama mkwe kanitumia unga wa ndiga, kile kiazi pori, kutoka Liwale, anasema nichanganye kwenye uji wa mtoto. Unga wa lishe wa dukani bei haishikiki. Nichanganye na ulezi au mahindi?

Kaka_Masasi: Ndiga! Sie ilituvusha mwaka wa njaa. Ila utamu uko kwenye ming'oko, vile viazi pori vyetu vingine. Chemsha na chumvi, menya ya moto moto, ubwabwa utausahau.

BintiTanga: Shoga, mboga zimejaa bure uani: mgagani, mnavu, mchunga, mlonge. Siku hizi mtu akiona mnavu anang'oa, anasema magugu. Halafu tunalia watoto hawana damu.

Nesi_wa_Kijiji: Mtoto ana umri gani? Na hiyo ndiga ililowekwa siku ngapi?

MamaNuru: Miezi minane. Kulowekwa sijui, kifurushi kimekuja na basi.

Nesi_wa_Kijiji: Ushampa?

MamaNuru: Asubuhi, kidogo tu. Alitema, nikaongeza sukari akanywa. Jamani, mama mkwe kalea watoto saba, hawezi kumdhuru mjukuu wake.

Nesi_wa_Kijiji: Mama mkwe hana nia mbaya, ila sukari imekufichia uchungu, na uchungu ndio dalili kwamba sumu haijatoka. Sumu ya ndiga inashika mishipa ya fahamu, inaleta hadi degedege. Inakatwa vipande vyembamba, inalowekwa siku tatu au zaidi kwenye maji yanayotiririka, inaanikwa, ndipo inatwangwa. Kuchemsha uji tu hakutoshi. Mpeleke zahanati sasa hivi, beba na unga.

Mzee_wa_Kijiweni: Chai hii. Ndiga inaliwa ghala likiwa tupu, nani aitume mjini kama zawadi? Na ID yenyewe imefunguliwa leo.

BintiTanga: Hata mimi nimeshtuka. Kwamba mtoto keshapewa, kaficha mpaka aulizwe?

MamaNuru: ID ya zamani mawifi wanaijua, ndiyo maana. Unga ni wa kijivu, unanuka udongo, nimelamba sasa hivi ulimi unawasha. Nitunge ili iweje?

Nesi_wa_Kijiji: Ulimi unawasha na bado uko hapa unabishana? Toka nyumbani, dada.

MamaNuru: Niko kwenye bajaji naye, anacheza. Ila mama mkwe anakuja Ijumaa na mfuko mwingine. Nitamwambiaje asione namdharau?

Kaka_Masasi: Mwambie umetamani ming'oko.