Nimefungwa hatua ya sita na Caro-Kann yangu (ufunguzi wa weusi kwenye sataranji, e4 anajibiwa c6), niiache?

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilikuwa kwenye mashindano ya sataranji ya wanawake, raundi ya nne, nimeshika weusi. Mpinzani ni binti mdogo, miguu haifiki chini vizuri akikaa. Kafungua askari e4 (herufi na namba ni jina la mraba kwenye ubao), nikajibu c6, ndiyo pekee niijuayo. Yeye d4, mimi d5. Katoa farasi c3, nikamla askari wa e4, akarudisha kwa farasi. Nikatoa farasi d7. Akaweka malkia e2. Nikacheka moyoni: huyu mtoto kamzibia njia askofu wake mwenyewe! Nikatoa farasi wa pili f6.

Farasi wake akaruka d6, akaninyooshea mkono.

Nikaukodolea macho ubao. Askari wa e7 hawezi kumla yule farasi, maana akisogea tu malkia anamwona mfalme wangu. Pande zote nimezibwa na kete zangu mwenyewe. Nihamie Sicilian, yaani kumjibu e4 kwa c5? Nina mashindano mengine mwezi ujao.

Kete Kavu: Pole dada. Mtego huo wa zamani, gwiji wa Estonia Paul Keres alimfunga nao Mpoland Arlamowski mwaka 1950. Usihame. Sicilian kwa mwezi mmoja? Ina matawi kibao, Najdorf, Dragon, Sveshnikov, utasoma ipi uache ipi?

Mzee wa Ubao: Mimi ningemjibu e4 kwa e5, kwisha. Hata Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, alimjibu hivyo mwanamke wa Hungary Judit Polgar, Moscow 2002.

Kete Kavu: Mzee, na Polgar akamfunga. Unamshauri au unamtisha?

Binti Ngome: Dada, farasi d7 hana kosa, kosa ni huyo wa pili. Malkia akikaa e2, tazama anamlenga nani. Hapo yule wa d7 ndiye aende f6, au sukuma e6 mfalme apumue. Mimi d7 siichezi kabisa, natoa askofu f5 amguse farasi papo hapo. Akirudi g3, askofu anakaa g6. Ila akisukuma h4, wewe h6 bila kuchelewa, la sivyo h5 inakuja na askofu anaweza kukosa pa kwenda.

Mleta uzi: Asante dada Ngome. Nimejaribu sasa hivi na mdogo wangu. Kasukuma h4, nikatoa farasi d7, askofu kaenda na maji. Tunapanga kete upya.