Wakuu, nina nakala ya tovuti ya mashairi ya dansi iliyozimika. Nikiirudisha nina kesi?

Gita_la_Pili: Habari za usiku wakuu. Kulikuwa na tovuti ya mzee mmoja mpenzi wa dansi. Anasikiliza kanda na santuri, anaandika mashairi neno kwa neno, chini anaeleza nani kapiga solo, nani besi. Mwaka jana ikazimika. Nimeichomoa yote Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao ya Internet Archive, kurasa 400 na ushee. Nataka niirudishe hewani watu wafaidike. Wiki nzima silali.

Muhenga_wa_Ilala: Umenikumbusha DDC Kariakoo, Sikinde jukwaani, mimi na bugaluu. Viatu niliazima kwa shemeji, sijarudisha hadi leo.

wakili_wa_mtaani: Hapo kuna haki mbili. Mashairi ni ya watunzi: Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania, Sura ya 218, inawalinda maisha yao yote na miaka 50 baada ya kufa. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, piga hesabu: 2029. Marijani Rajab, 1995, hapo ni 2045. Yale maelezo ya chini ni ya mzee mwenyewe. Yuko wapi?

Gita_la_Pili: Ametangulia mbele ya haki.

Mama_Shani: Na familia? Mbona unakwepa?

Gita_la_Pili: Haya. Binti yake nilimwuliza, akakataa. Anadai baba yake aliwahi kutishiwa kushtakiwa na mtoto wa mwanamuziki, hataki tena usumbufu. Lakini jamani, GeoCities, ile huduma ya kurasa za bure za watu binafsi, ilipofungwa 2009, Archive Team, wale wa kujitolea walionakili kurasa zake, walimwomba nani ruhusa? Wangesubiri, kurasa za watu zingepotea. Halafu domeni ilishaachwa, nimeilipia.

Mama_Shani: Umeilipia! Juu umeandika "nataka". Mtoto wa marehemu kasema hapana, unakuja kututafuta sisi tuseme ndiyo?

wakili_wa_mtaani: Archive Team waliokoa, hawakufungua duka. Hata Internet Archive hupokea maombi ya kuondoa kurasa. Umeweka matangazo?

Gita_la_Pili: Mawili tu. Hosti hailipwi kwa shukrani.

Muhenga_wa_Ilala: 😂😂 Kumbe ndo watu wafaidike.

Kibao_Kata: Wakuu mnapoteza bando, hii chai. Taja anwani tukaiangalie wenyewe Wayback. Na mwezi wa pili huyu huyu alileta uzi hapa, mjomba kafariki kamwachia santuri 400. Leo kurasa 400. Hana namba nyingine?

Gita_la_Pili: Santuri za mjomba, kurasa za mzee. Acha kuchanganya mambo.

Kibao_Kata: Mzee si ndiye mjomba?

Mama_Shani: Tunasubiri.

Gita_la_Pili: Sawa, huyo binti ni binamu yangu. Nyie ndio hamkuuliza. Sasa hilo linabadilisha nini kisheria?

wakili_wa_mtaani: Kisheria, mrithi ni yeye. Ulichoachiwa ni santuri, si maandishi.

Mama_Shani: Na arobaini mlikaa jamvi moja. Mpigie.

Muhenga_wa_Ilala: Kabla hujampigia, hizo santuri unauza?