Mteja analeta picha ya akili mnemba, anataka nipake rangi tu. Niuze brashi?

Mkono_wa_Rangi:
Mwangaluka wakuu. Nipo Kirumba, Mwanza, nachora mwaka wa 14 sasa: kuta za saluni, mageti ya shule, majina ya mitumbwi pale Mwaloni. Fleksi, yale mabango ya plastiki ya kuchapishwa, zilipoingia zikatunyang'anya mabango. Tukasema haya, kuta bado zetu.

Juzi mama mmoja wa mgahawa wa samaki kanipa simu niangalie. Picha ya sangara, imetengenezwa na akili mnemba, inang'aa mpaka mate yanakutoka. Anaitaka ukutani vilevile. Ukuta ule bei yangu ni laki na nusu, yeye ana elfu hamsini. "Kazi ya kuwaza nimeshaimaliza baba, wewe ni kupaka tu." Nikakosa jibu. Nikapaka, maana kodi ya nyumba haisubiri.

Kijana wangu wa kazi anasema tuuze vifaa, tununue mashine ya kukata stika. Nina miaka 38. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Ngosha_Igoma:
Uza. Mimi nilikuwa na studio ya picha. Simu za kamera zilipokuja nilijipa moyo miaka mitatu kwamba watu watarudi. Walirudi, kuja kununua vocha.

Mwl_Sanaa:
Ngosha, taratibu. Kamera yenyewe ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, waliokuwa wakiishi kwa kuchora vipicha vya sura za watu waliumia kweli, wengine wakageuka wapiga picha. Ila uchoraji wenyewe ulitafuta njia nyingine. Wachoraji wa Ufaransa akina Monet wakaacha kushindana na kamera kwa usahihi, wakachora mwanga unavyopita machoni. Na maonyesho yao ya kwanza, 1874 pale Paris, walifanyia wapi? Kwenye iliyokuwa studio ya mpiga picha, Nadar. Hapa kwetu mchoraji Tingatinga alianza Dar miaka ya 1960 mwishoni na vipande vya bodi na rangi ya baiskeli, hakungoja vifaa vya kizungu.

Ngosha_Igoma:
Mwalimu, Monet hamlipii mtu kodi Kirumba.

Mwl_Sanaa:
Hahaha, hapo umenipata.

Baharia_Igombe:
Mimi nina mitumbwi mitatu. Stika nilijaribu, nyavu na jua viliimaliza kabla mwezi haujaisha. Jina la mtumbwi nataka rangi ya mafuta, na nataka mkono uleule, maana vijana wangu wanautambua mtumbwi kwa rangi kabla hata hawajasoma jina. Mkuu, hebu weka huyo sangara tumwone.

Mkono_wa_Rangi:
Nimemweka hapo juu, picha ya simu na ukuta.

Baharia_Igombe:
Sasa huyo ni sangara wa wapi? Mkia wa sangara ni wa mviringo. Huo umepasuka katikati kama mkasi, huyo ni samaki wa baharini. Mtu wa Mwanza anapita pale anacheka kabla hajaagiza ugali!

Mkono_wa_Rangi:
Niliuona mkia. Nimekulia ziwani. Ila niliambiwa nipake tu.

Dada_Nyakato:
Kaka, hapo ndipo pesa yako ilipoangukia. Uliona kosa ukanyamaza kwa sababu kalipia kupaka. Kuanzia leo weka bei mbili, ya kunakili kama ilivyo na ya kuchora kwa jicho lako, na umwoneshe kosa KABLA hujafungua kopo. Mashine ya stika kila mtaa ipo, utashindana na nani? Na wakija wanaotaka nembo ya biashara waambie kitu kimoja: huko Marekani ofisi ya hakimiliki ilishakataa kusajili picha zilizotengenezwa na mashine bila mkono wa mtu. Mwenye duka anayeogopa kuibiwa nembo atakusikiliza.

Ngosha_Igoma:
Bei mbili nakubali. Ila mashine ya stika bado nasema nunua.

Mkono_wa_Rangi:
Wakuu nitarudi jioni. Mama kapiga simu sasa hivi, kuna mvuvi kamcheka mbele ya wateja, anataka mkia urekebishwe leo. Nimemwambia elfu arobaini. Kasema njoo.