Naomba ushauri: mawaridi yana madoa meusi na vidukari

Habari zenu wapenda maua. Mawaridi yangu yamenishinda. Majani ya chini yanatoka madoa meusi, yanageuka manjano na kupukutika. Machipukizi nayo yamejaa vidukari, na sisimizi wanapanda na kushuka utadhani kuna harusi.

Nimeokota majani yaliyoanguka, nimeacha kumwagilia juu ya majani, na kwa wiki 2 nimepulizia maji ya sabuni jioni, kila baada ya siku 4. Vidukari wamepungua, madoa wala hayajali. Dawa za viwandani sitaki, nyuki ni wengi hapo.

Je, nipogoe matawi yote yaliyougua au niondoe majani tu? Na mafuta ya mwarobaini nikiyachanganya na sabuni hiyohiyo, kipimo gani hakitaunguza majani?