MREJESHO: Kichanga wangu aliyegeuka njano baada ya kuruhusiwa

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza kuhusu mwanangu. Nilijifungua salama saa tatu usiku, kesho yake saa sita mchana tukaruhusiwa maana wodi ilijaa, na siku ya tatu nikaona macho yake yana unjano. Mama mkwe alisema nimwanike jua la asubuhi. Wengi mkaniambia nisisubiri kukuche. Asanteni sana.

Tulienda usiku uleule. Nesi alimbonyeza kwenye paji la uso, akaachia kidole, pale pakabaki pa njano kama binzari. Alikuwa analala mno, anavuta titi mara mbili tatu anaachia, na tangu asubuhi alikuwa amelowesha nepi moja tu. Damu ikaonyesha bilirubini, ile rangi ya njano mwilini inayoleta unjano, iko juu. Akalazwa chini ya taa za bluu siku mbili, macho yamefunikwa, nami nakamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe.

Daktari alinieleza kuwa manjano mara nyingi hupanda siku ya tatu hadi ya tano, wakati wengi tumesharudi nyumbani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kukaa kituoni angalau saa 24, kisha mtoto aonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kuzaliwa. Mimi sikupewa hata tarehe ya kurudi, na hilo limeniuma kuliko kuruhusiwa mapema. Jua, alisema, si tiba ya kutegemea.

Jana tumetoka. Ananyonya mpaka pua inatoa jasho. Ijumaa tunarudi kumpima tena.